Mbwa Aliyekataa Kuchanwa

Tangu wamzike baba yake, Nanzia alikuwa hajaweza kumchana mbwa wa marehemu. Mbwa huyo, wa aina ya Kifaransa ya kuchunga kondoo, alikuwa na manyoya marefu yanayotaka kitana kila wiki. Sasa yalikuwa yamesokotana na ngozi imeanza kuoza, lakini alimtolea meno kila aliyemkaribia.

"Vaa koti la mzee," mama yake alisema.

"Mama, huko si kumdanganya?"

"Mdanganye, mwanangu. Tukimpoteza na huyu, nitabaki na nini?"

Nanzia akalivaa. Mbwa akalinusa, akajilaza miguuni pake, mkia ukipigapiga sakafu. Nanzia akamchana fundo baada ya fundo, akiwa ameuma midomo, maana kwikwi moja tu ya kilio chake ingemjulisha kwamba ndani ya koti hamna mzee.