Chumba cha Joto

Panya wa chumba cha joto walikuwa wameacha kunywa maji.

Mtafiti aliinama akakagua chupa zao. Zote karibu zimejaa. Hawa ndio panya aliowachoma dawa ya kuharibu kongosho, wakabaki na kisukari: kiu isiyokatika, mkojo wa kulowesha vizimba. Sasa, baada ya kuzoezwa joto wiki kadhaa, vizimba vilikuwa vikavu, manyoya yanang'aa, na mmoja alimng'ata kidole kwa ubishi wa mtu aliyeshiba. Akapima damu. Sukari imeshuka, insulini imepanda. Akapima tena, maana hakuyaamini macho yake, na majibu yakawa yale yale.

Mzee mtunza panya alikuwa mlangoni na kikopo chake cha wino wa kuwatia alama mkiani. Ama kweli alijua kulea, wagonjwa wa chumba hiki na wazima wa chumba cha pili. Siku ya kwanza mtafiti alimwambia kwamba hataki kusikia panya hata mmoja amekufa, wakifa watakosana. Na hakuwahi kusikia.

Nyumbani mtafiti aliishi na mdogo wake, mwenye kisukari tangu utotoni, mapaja yamesagika kwa sindano za insulini. Wiki chache nyuma, aliposikia kwamba panya wameanza kupata nafuu kwa joto, mdogo wake alihamishia kitanda kwenye chumba kidogo cha bati uani, ambacho mchana kilikuwa hakikaliki. Akaanza kuruka sindano. Dada mtu alimkataza. Alimkataza, ndiyo, lakini kwa sauti ya mtu ambaye moyoni anaomba iwe kweli.

"Dada, panya wako wanapona," alijibiwa. "Mimi nina kosa gani?"

Asubuhi hiyo mdogo wake alikataa chai, akasema amechoka tu, aachwe alale. Jagi la maji kando ya kitanda lilikuwa tupu. Mtafiti alilijaza, akajisemea ni hilo joto, akaja kazini.

Sasa alimpigia simu ampe habari njema. Iliita mpaka ikakatika. Bado amelala, alijipa moyo, akamgeukia mzee huku machozi ya furaha yakimlengalenga. Alimshukuru, akamwambia wiki ijayo wanaongeza vizimba, aandae panya wengine wagonjwa waingie kwenye joto.

Mzee alikuna kichwa, akaangalia chini.

"Hapo sasa utanisamehe, daktari. Kule chumba cha pili wamekwisha."

"Wamekwisha akina nani?"

"Wale wazima. Si ulisema hutaki kusikia habari ya kufa? Basi kila aliyekufa humu ndani nilimtoa, nikaweka mzima mmoja, nikamtia alama ile ile. Wale wagonjwa wako wa mwanzo hajabaki hata mmoja."