Jua la Kukodi

Kapteni Rachev wa usalama wa taifa alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"'Riwaya hii ya Mfaransa Vaubrun, Jua la Kukodi, ni bora kuliko zote nilizosoma mwaka huu. Watu wa sayari nzima wanakodishiwa jua lao wenyewe na wakubwa wa mbali ambao hakuna aliyewahi kuwaona.'" Akakiweka kijarida mezani. "Hao wakubwa wa mbali ni akina nani, Ndugu Belev?"

"Ni hadithi tu, Ndugu Kapteni. Ya anga."

"Kila anayeingia humu hadithi yake ni ya anga."

Ognyan Belev alikuwa mwalimu wa jiometri mjini Ruse. Kijarida kile kilikuwa cha klabu yao ya wapenzi wa hadithi za sayansi na maajabu, nakala chache za kuchapwa kwa taipureta, na yeye ndiye aliyeandika uhakiki wa vitabu. Ilikuwa kazi ya mapenzi, haina hata senti. Sasa ilikuwa imemfikisha kwenye chumba ambacho dirisha lake limepakwa rangi nyeupe.

"Kitabu hiki hakijachapishwa nchini," Kapteni alisema. "Kwa hiyo kimeingizwa kwa magendo, na aliyekiingiza anakwenda jela. Nataka jina moja tu, halafu urudi ukawafundishe watoto wa watu pembetatu."

Ognyan akakodolea macho lile dirisha jeupe.

"Nikusaidie? Zlatka, mpishi wa meli. Anapanda mto Danubi mpaka Vienna na kurudi, na akiwa nchi kavu hakosi klabuni kwenu. Sema ndiyo, yaishe."

Zlatka alikuwa na watoto wadogo na mama asiyeinuka kitandani. Hakuwahi kumletea mtu kitu zaidi ya kahawa na sabuni ya kunukia. Kumtaja ilikuwa kumzika hai, na kunyamaza ilikuwa kujichimbia kaburi mwenyewe. Ukweli ulikuwepo, tena mwepesi, ila ulimtia aibu hata mbele ya mtu kama huyu.

"Hakuna kitabu," akasema mwishowe.

"Unasemaje?"

"Nilikibuni. Kitabu, Mfaransa, vyote. Tulikaa muda mrefu bila kitabu kipya, ukurasa ukabaki mtupu, na..." Akakitazama kijarida. "Na nilitaka kuwakomesha wenzangu. Wale watu, taja kitabu chochote duniani, watakwambia walishakisoma."

Kapteni alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Mwalimu, mimi wa kupigwa changa la macho?" Akafungua faili. "Haya, sikia. Desislava, mfamasia mstaafu, makamu mwenyekiti wenu: 'Nilikisoma mara mbili. Mara ya kwanza sikukipenda.' Kamen, daktari wa meno: 'Nilikisoma kabla ya Belev, na uhakiki wake umeiruka sura nzuri kuliko zote.' Na sura yenyewe akanihadithia hapa hapa! Kuna mwanamke anamwibia mumewe mwanga usingizini, kidogo kidogo, mpaka mume anaamka gizani."

Ognyan akajishika kichwa. Ndivyo walivyo wapenzi wa vitabu wa mji ule, Mungu awasamehe: mtu yuko radhi akiri kosa la jinai kuliko kukiri kwamba kuna kitabu hajakisoma. Alitamani kuwakaba koo, na hapo hapo alitamani kulia. Na kilichomuuma kuliko vyote, sura ya Kamen ilikuwa nzuri.

"Wote wamekisoma," Kapteni alisema. "Hujakisoma wewe tu, wewe uliyekisifu! Usinichoshe. Zlatka, ndiyo au siyo?"

"Siyo."

"Fikiria vizuri."

"Nimeshafikiria. Kama ni lazima mtu afungwe kwa kitabu kisichokuwepo, nifunge mimi. Yule mama muache alee wanawe."

Kapteni akainuka, akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo. Akavua koti, akalitundika ukutani, akaanza kukunja mikono ya shati.

Ognyan alimkumbuka mkewe, Nevena, ambaye wakati huo alikuwa uani akichoma pilipili za kuhifadhi kwa majira ya baridi, akidhani mumewe yuko kwenye kikao cha walimu. Akafumba macho, akasubiri kipigo.

Akasikia kiti kikiburutwa, kikasimama karibu naye kabisa.

"Nakuamini," Kapteni alisema, sauti imeshuka ghafla. "Nimetafuta kila mahali. Hadi Paris nimeulizia. Hakuna kitabu, hakuna Mfaransa. Nilikuwa naomba Mungu tu huyo Zlatka awe nacho."

Ognyan akafumbua macho. Paji la uso la Kapteni lilikuwa limelowa jasho.

"Basi... naweza kwenda nyumbani?"

"Uende wapi? Mimi nimeshaandika kwenye ripoti kwamba nimekikamata. Tafsiri nzima, ya taipureta. Nikaandika na kwamba nimekisoma." Akamsogezea rundo la karatasi tupu. "Kanali anakitaka mezani kwake Jumatatu. Andika, Mwalimu, nakuomba. Na huko mwishoni ipooze hadithi kidogo, maana Kanali anasema alishakisoma zamani, kwa Kifaransa, na sura za mwisho zilimchosha."