Buti za Nyapara

Teke la tatu lilimng'oa Mtawa meno mawili, na bado hakusema neno ambalo Nyapara alitaka kulisikia.

"Sema utapunguza saruji."

"Sipunguzi," alijibu, damu ikimchuruzika kidevuni. "Zahanati inayojengwa kwa matofali haya italaza wagonjwa. Ukuta ukiwaangukia je?"

Teke jingine likatua mbavuni. Mtawa alikuwa amelala kifudifudi kwenye vumbi la kiwanda cha matofali, na kutoka pale chini hakuuona uso wa mtu. Aliona buti tu: buti nyeusi zenye ncha ya chuma, ya kushoto imedondokewa na rangi ya kijani kisiginoni. Wenzake walisimama na makoleo yao, wanatazama pembeni. Ndio waliompachika jina hilo la Mtawa, kwa kuwa hatukani wala halewi. Siku hiyo hakuna aliyemcheka, wala aliyemsaidia. Mwenye nguvu mpishe.

"Kazi huna," Nyapara alisema akihema. "Pipa la mashine nitalisafisha mwenyewe, kuliko kukuona hapa tena."

Nyumbani, mkewe alimkanda kwa maji ya chumvi bila kulia, jambo ambalo lilimtisha kuliko kilio.

"Nitakwenda kumwomba mimi," mkewe akasema. "Watoto watakula nini?"

"Hukanyagi pale!" Mtawa alifoka, mate mekundu yakaruka. Kisha akaona haya. Akaiokota kandambili ya mkewe iliyokatika ukanda, akaifunga kwa waya polepole, ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

Mkewe akacheka kidogo. "Mwachie Mungu, baba watoto. Shetani haombi siku nzima. Anaomba dakika moja tu. Mnyime."

Kesho yake Mtawa alipozinduka usingizini jua lilikuwa la utosi na nyumba ilikuwa kimya. Leo ni siku ya kina mama kanisani, akajisemea; yuko huko ananiombea. Wazo hilo lilimchefua. Yeye mwenyewe alikuwa ameomba mpaka magoti yakaota sugu, na jibu aliloletewa ni teke. Akatwaa kipande cha nondo kilichokuwa nyuma ya mlango, akatoka.

Njia nzima alikuwa akimuua Nyapara moyoni. Alimvunja goti kwanza, kisha taya, kisha akamwacha alie na kuomba. Alipofika, wafanyakazi walikuwa wamekwenda kula. Bandani hakukuwa na mtu, ila ndani ya pipa la mashine ya kuchanganyia zege nyundo ilikuwa inagonga saruji iliyoganda, ko, ko, kwa papara, kama ya mtu asiyeijua kazi.

Mdomoni mwa pipa zilichungulia nyayo za buti mbili. Ya kushoto ilikuwa na rangi ya kijani kisiginoni.

Kumbe kakosa mtu, kaingia mwenyewe kweli. Mtawa akailaza nondo chini taratibu, maana hakuihitaji tena.

Pipa lile ndani lina mapanga ya chuma yanayochapa kokoto. Ndiyo sababu anayeingia kulisafisha alikuwa na masharti mawili: buti miguuni, kwa kuwa saruji hula ngozi, na fyuzi ya umeme shingoni, imefungwa kamba, ili mtu wa nje asije akaiwasha mashine. Sharti la fyuzi alilianzisha Mtawa, baada ya mwenzao mmoja kutolewa humo kwa koleo. La buti Nyapara alilisimamia. La fyuzi alilicheka siku zote, akisema ni mkufu wa waoga. Na sasa fyuzi ilikuwa palepale ukutani, kamba yake inaning'inia. Kiburi si maungwana, na leo kingemla mwenyewe.

Mtawa akashika swichi. Nani angejua? Ajali. Kila mtu anamfahamu Nyapara na dharau zake. Alianza kusikia mifupa itakavyolia kabla haijalia, na kilichomwogopesha ni kwamba sauti ile ilimpendeza. Mapengo mapya mdomoni yakapwita. Kidole kikakaza.

Dakika moja tu.

"Ee Bwana, nishike mkono," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi siwezi. Nataka kumuua."

Hakuna malaika aliyeshuka. Mbavu ziliendelea kuuma, na chuki ilikaa palepale kama mfupa kooni. Mtawa alilia kwa hasira ya mtu anayeporwa haki yake. Akaung'ata mkono wa kulia mpaka ukaiachia swichi, damu inatiririka, na kwa mkono wa kushoto akachomoa fyuzi. Akajivika shingoni. Kisha akaketi chini kwenye vumbi.

"Wewe! Nani kakuruhusu kuingia humu?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Mtawa akageuka. Nyapara alikuwa amesimama mlangoni, mkononi ana kipande cha mkate, vidole vyake vya miguu vimebanana katika kandambili ndogo za kike, moja imefungwa kwa waya.

Ndani ya pipa nyundo ikanyamaza.

"Baba watoto?" sauti ikauliza. "Ni wewe?"