Vipande vya Gauni la Buluu

"Na vipande vyangu, fundi?" aliuliza mama mmoja, mteja wetu tangu enzi za baba.

"Havikubaki, mama."

Akacheka. "Mafundi wa siku hizi mna panya wa ajabu. Wanakula vitambaa, uzi hawaugusi!" Kisha akalikunja gauni lake jipya la buluu polepole. "Marehemu baba yako alikuwa akinifungia kila kipande, hata chenye upana wa kidole. Nilitaka kumshonea mjukuu wangu kofia. Kitambaa hiki alikinunua babu yake, na hakujaliwa kumwona mtoto."

Nilimkumbuka baba akipiga magoti sakafuni, akiokota vipande vya watu, akivikung'uta vumbi, akivifunga fundo. Nilikuwa nikimwonea fahari. Sijui ni lini nilianza kumwona mjinga.

Kitambaa kilikuwa kimebaki, tena kingi. Nilikishona kuwa mto wa kiti changu, na wakati ule nilikuwa nimeukalia.

"Basi," akasema. "Mwingine ningembishia. Lakini ukisema wewe, mtoto wa fundi yule, naamini."

Laiti angenitukana.

Alifika mlangoni, akasita, akashika ukingo wa meza iliyo karibu. Miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya kandambili.

"Nipe nafasi nikae kidogo, mwanangu. Jua kali."

Dukani mna kiti kimoja tu. Ningeweza kuusukumia ule mto chini ya meza, asiuone.

"Karibu, mama," nikasema, nikainuka, nikauacha mto pale pale kitini.