Tambuu za Mwalimu Hettige

Inoka aliwatupia mbuzi wa jirani majani yote ya tambuu. Mbuzi waliyanusa, wakachagua yaliyo laini, wakaanza kutafuna.

Majani yale mama yake aliyafunga kwa uzi alfajiri ile, ili Inoka ampe mwalimu kwa mikono miwili, kisha apige magoti, aiguse miguu yake na kupata baraka. Ndivyo inavyofanywa siku ya mwisho ya masomo. Ndani ya banda la bati la tuisheni, mamia ya wenzake walikuwa kwenye foleni ya magoti hayo.

"Kuleni nyie," aliwaambia mbuzi. "Labda mtafaulu."

Pale mjini Embilipitiya hakuna ukuta usio na bango lenye sura ya Mwalimu Hettige. Tai nyekundu, shahada mbili chini ya jina, na juu yake: Mfalme wa Hesabu. Darasani mfalme aliketi jukwaani na kipaza sauti, akisoma hatua za hesabu kutoka kwenye karatasi, na wasaidizi wake wawili wakiziandika ubaoni. Chaki haikuwahi kumchafua vidole.

Siku moja Inoka alinyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Kwa nini hapo kutoa kumegeuka kujumlisha?"

Lilikuwa swali tu. Alitaka kuelewa, maana kukariri kulishamwangusha mara mbili. Hettige aliitazama karatasi yake, akautazama ubao, halafu akawaka.

"Simama! Jamani, mtazameni dada yenu. Hesabu imemwangusha mara mbili, sasa anaifuata ya tatu, na bado anauliza kwa nini! Kichwa chako, mama, ni nazi kavu. Ukikitikisa hata maji hayalii. Nenda kaolewe!"

Banda zima lilicheka. Tangu siku ile hata vitoto vya sare nyeupe vilimwita Dada Kwa Nini, na yeye akawa analala na hasira na kuamka nayo. Masomo mengine yote alikuwa nayo kwenye cheti. Chuo cha ukunga kilitaka hesabu, na umri wake wa kupokelewa ulikuwa unaisha mwaka huo huo. Kaka yake alishamwambia wazi: akianguka tena, posa ya yule mwenye duka la mbolea inapokelewa.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alianza kuamini. Usiku alikuwa akikigonga kichwa chake kwa vidole, kama mtu anayechagua nazi sokoni.

Hettige naye alikuwa na hasira zake mwaka ule. Halmashauri ilitangaza kwamba kila mwalimu wa tuisheni apeleke vyeti vyake vikaguliwe. "Tangu lini samaki akaombwa cheti cha kuogelea?" alinguruma kwenye kipaza sauti, na watu wakapiga makofi.

Siku ile ya tambuu aliwaaga kwa maringo. "Wiki ya mtihani sitakuwepo mjini. Nakwenda Kataragama kuhiji na kuwaombea. Hata Dada Kwa Nini nitamtaja, ingawa miujiza nayo ina mipaka."

Hapo ndipo Inoka alipotoka kuwatafuta mbuzi.

Mtahiniwa wa kujitegemea huchagua mwenyewe mji wa kufanyia mtihani. Inoka aliandika Badulla, mbali huko milimani, kwa sababu kama angeufanyia Embilipitiya, kabla ya chakula cha mchana soko zima lingejua Dada Kwa Nini amerudi tena kwenye dawati. Njia nzima ya basi alisaga meno. Aibu alitiwa na mwingine, na kuikimbia akimbie yeye!

Chumba cha mtihani kilijaa watu wazima waliobanwa kwenye madawati ya watoto. Alikuwepo askari aliyevaa kiraia, na mama mmoja aliyeacha mtoto wa kunyonya getini. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Inoka aliweka kitambulisho chake mezani, akapanga penseli na bikari. Nyuma yake dawati moja lilikuwa tupu. Msimamizi, mama wa makamo aliyevaa sari ya kijani, alianza kusoma masharti.

Mlango ukagongwa. Akaingia Hettige.

Hakuwa na tai. Alikuwa anahema, jasho linamtiririka. Damu ya Inoka ilimpanda kichwani. Ndiyo Kataragama hii? Wasimamizi wote wa kisiwa hiki wameisha mpaka wakamleta huyu? Amekuja kumwangalia akianguka kwa mara ya tatu, ili apate cha kuchekesha banda lake! Maneno yalimjaa mdomoni. Angemwambia mbele ya wote. Mbuzi walizila tambuu zako, angemwambia, na baraka zako wamezinyea!

Lakini miguu yake haikumsubiri. Mwalimu ameingia, nayo ikasimama yenyewe, kama ilivyofundishwa tangu chekechea, na magoti yakaanza kupinda kwa heshima. Aliichukia miguu ile. Hettige alimwona, akainamisha macho sakafuni.

"Wewe dada, mbona umesimama? Kaa," alisema msimamizi. Kisha akamgeukia Hettige. "Na wewe bwana, umechelewa, watahiniwa wenzako wamekaa zamani. Toa kitambulisho. Kiti chako ni hicho nyuma ya huyu dada, na nikikuona unachungulia karatasi yake, nakutoa nje."