Kikumbusho cha Saa Nne

“Mama, nibonyeze?” fundi wa kompyuta aliuliza. “Imebaki mashine yako tu. Wenzako hawawezi kufungua barua unazowatumia, programu yako imezeeka mno.”

“Na vikumbusho vyangu?”

“Hivyo havihamii kwenye toleo jipya. Vitafutika vyote.”

Mhazili alitupia jicho saa ya ukutani. Zilibaki dakika tatu kutimia saa nne. “Nisubiri kidogo, mwanangu.”

Meza ya rafiki yake, iliyotazamana na yake, ilikuwa tupu tangu azikwe. Sweta la kijani tu ndilo lililokuwa bado kwenye mgongo wa kiti, viwiko vimechakaa kwa kuegemea meza.

Saa nne kamili kengele ndogo ikalia, na maneno ambayo rafiki yake huyo alimtegea miaka sita iliyopita, kwa utani, yakajitokeza kwenye kioo cha kompyuta kama kila siku: *Mwenzangu, inuka unywe maji. Hujaolewa na hicho kiti.*

Mhazili akainuka. Akajaza glasi, akanywa funda kwa funda mpaka tone la mwisho.

“Haya, bonyeza,” alisema, akiwa amekipa kioo mgongo.

Fundi akabonyeza. Mhazili hakurudi kukaa.