Farasi Asiye na Milia

Enzi wanyama walipokuwa wakigawana mabonde, farasi jike aitwaye Marjani aliishi na kundi la punda milia. Alikuwa jasiri. Simba akinguruma, yeye ndiye aliyebaki nyuma akirusha mateke mpaka watoto wote wavuke mto.

Ukame ulipokausha majani, Ngarambe, mkubwa wa kundi, aliyejaa kiburi, akatangaza, "Ardhi hii ni ya wenye milia. Marjani, rudi kwenu."

"Kwetu ni hapa," Marjani akajibu, "ila sitagombana na ndugu zangu." Akaondoka kichwa juu, ingawa moyo ulimuuma.

Alipofika kilimani akasikia kishindo cha kwato. Kundi zima lilikuwa likimfuata, watoto mbele.

Ngarambe akaja mbio nyuma yao, akihema. "Jamani, mnaiacha ardhi?"

"Tumekuachia yote, mwanangu," akasema shangazi yake. "Si uliitaka?"

Ngarambe akalitazama bonde tupu, kisha akamgeukia Marjani. "Dada, nami nina nafasi kwenu?"

"Unayo," akasema Marjani. "Haya, turudini nyumbani."

Wakateremka pamoja, na bondeni mle hakuna aliyeulizwa tena kama ana milia au hana.